Kidonge Tulichokificha



Juma hili tunawaletea jambo la nyumbani kwetu ambalo wengine watalicheka: ugonjwa wa paka na ugonjwa wa mbwa. Tunalieleza kwa sababu ndani yake kuna kosa letu, na kosa hilo linaweza kufanyika katika kila nyumba yenye vidonge juu ya kabati.

Paka wetu alikuwa mlinzi wa maharagwe na mahindi. Tangu alipoingia nyumbani, panya walipungua na magunia hayakutobolewa tena. Siku moja akakataa chakula, akalala chini ya kitanda, mwili moto. Tukafanya kama tunavyofanya kwa mtoto mwenye homa kabla ya kufika kituo cha afya: tukavunja kidonge cha parasetamoli, tukasaga nusu, tukamnywesha na maziwa. Usiku akaanza kuhema kwa shida. Asubuhi uso ulikuwa umevimba, na ufizi wake ulikuwa na rangi ya kahawia.

Tukamwita muganga wa wanyama. Akamtazama, akauliza: "Mmempa dawa gani?" Tukatazamana. Tukajibu: "Hakuna." Tuliona haya. Watu wazima, tumesoma, kumpa paka dawa ya watu! Kabla ya saa sita mchana paka alikuwa amekufa.

Ni mtoto wetu aliyesema ukweli, siku muganga alipokuja tena kutibu mbuzi za jirani. Muganga hakutukaripia. Alitueleza kwamba ini la paka haliwezi kuvunja parasetamoli kama ini la mtu. Sumu inabaki mwilini, inaharibu damu hadi isiweze kubeba hewa vizuri, na ndiyo sababu ufizi unageuka rangi. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua paka. Kisha akaongeza: "Labda nisingemwokoa. Lakini mliponificha, nilitafuta ugonjwa mahali usipokuwa."

Neno hilo lilituchoma. Sisi wa Ituri tulipita katika Ebola, kuanzia 2018 hadi 2020. Tulifundishwa kumwambia muganga kila kitu: nani ameugua, amekula wapi, amemgusa nani, amekunywa dawa gani. Tulijua vizuri hatari ya kuficha. Lakini kwa paka tulifikiri ukweli si lazima.

Miezi michache baadaye, mbwa wetu naye akaugua. Huyu ndiye anayetuamsha usiku mtu akipita karibu na ukuta, na katika mji wetu kila mama anajua thamani ya kuamshwa mapema. Aliacha ugali wake siku mbili. Akawa mlegevu, hata mgeni aliingia bila yeye kuinua kichwa. Safari hii tulichukua daftari, tukaandika: siku aliyoacha kula, mara ngapi ametapika, rangi ya mkojo. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai kali. Dawa hatukumpa, na hilo pia tukaliandika.

Muganga alipofika, hakumgusa mbwa kwanza. Aliuliza kama ameng'ata mtu, kama tabia yake imebadilika, kama amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Alipotosheka na majibu, ndipo alipomkaribia. Akapima joto: 40 na nusu, wakati mbwa mzima huwa na 38 hadi 39. Akainua mdomo, akatuonyesha ufizi mweupe kama karatasi. Akapekua masikio na katikati ya vidole, akatoa kupe wanne walionona.

Akatoa tone la damu sikioni, akalipaka kwenye kioo, akampelekea fundi wa labo anayemfahamu. Jibu lilikuja jioni. Katika chembe nyekundu za damu mlikuwa na wadudu wadogo. Ugonjwa unaitwa babesiosis. Alitueleza kwa mfano ambao kila mama wa Bunia anauelewa: ni kama malaria, ila malaria ya watu inaletwa na mbu, na hii ya mbwa inaletwa na kupe. Wadudu wanapasua chembe za damu. Kwa hiyo ufizi unakuwa mweupe na mkojo unakuwa mweusi.

Dawa alikuwa nayo, kwa kuwa anaitumia kwa ng'ombe. Lakini hakuchoma sindano kwa kukisia. Aliomba mizani ya jirani anayenunua maharagwe. Baba wa nyumba akapanda juu yake akimbeba mbwa: kilo 86. Akapanda peke yake: kilo 70. Mbwa basi ana kilo 16. "Dawa hii ikizidi inaua," alisema. Mbwa alianza kula siku ya tatu. Alikonda sana, lakini yupo, na usiku anabweka.

Tulimuuliza muganga kama kuna hospitali za magonjwa ya ndani kwa mbwa na paka, kama zilivyo kwa watu. Alisema zipo. Marekani, tangu 1972, wana chama cha madaktari wa wanyama waliobobea katika magonjwa ya ndani: moyo, figo, ini, damu. Karibu nasi, ng'ambo ya Ziwa Albert, Chuo Kikuu cha Makerere kule Kampala kina shule ya udaktari wa wanyama yenye kliniki ya mbwa na paka. Sisi hatuna njia ya kumpeleka mbwa huko. "Lakini hata hao," alisema, "wanaanza na maswali. Mnyama hasemi. Anayeishi naye ndiye anayesema kwa niaba yake."

Rafiki mmoja wa likelemba alituuliza: "Watu wanalala kambini kwa sababu ya vita, ninyi mnatoa pesa kwa mbwa?" Hatukumkasirikia. Swali lake ni la haki, na sisi wenyewe tulijiuliza usiku ule tulipohesabu pesa. Hatukugusa pesa ya shule wala ya chakula. Tungelazimika kuchagua kati ya mbwa na mtoto, tungemchagua mtoto. Lakini mnyama tuliyemfunga mlangoni ili atulinde, hatuwezi kumwacha aoze mbele ya watoto wetu, kisha tuwafundishe huruma.

Haya ndiyo tuliyojifunza. Usimpe paka parasetamoli, hata robo. Usimpe mbwa wala paka ibuprofeni. Watazame ufizi wangali wazima, ili ujue rangi yake ya kawaida. Toa kupe kila juma, masikioni na katikati ya vidole. Mpeleke mbwa na paka kwenye chanjo. Mbwa aliyebadilika tabia, anayetoka mate na kushindwa kumeza, usimfungue kinywa. Weka watoto mbali, umwite muganga. Na mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitalini siku hiyohiyo, maana dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Na muganga akiuliza mmetoa dawa gani, semeni. Haya ya dakika moja ni nafuu. Mtoto wetu bado anauliza kama paka angepona tungesema mapema, na hatuna jibu la kumpa.