Ngitili za Babu, Ngitili za Leo

Aliyekulia Usukuma miaka ya sabini hawezi kusahau moshi wa mavi ya ng'ombe. Kuni zilikuwa zimekwisha, na akina mama walipikia samadi iliyokauka, wakiichanganya na mabua ya pamba yaliyong'olewa shambani baada ya mavuno, macho yakawasha jikoni, na michembe iliyochemshwa kwa moto ule ikabeba harufu yake mpaka sahanini. Mwenye bahati ya kuzipata kuni za mgunga alikuwa ametoka alfajiri na kurudi jua likiwa limeinama, mzigo umefungwa kwa kamba ya katani, kaniki imejaa vumbi. Kiangazi kilipokolea, ng'ombe walitembea wakinusa ardhi isiyo na kitu, na vijana wakubwa wakawaswaga kwenda mbali kutafuta majani, nyumbani wakabaki ndama, wazee na sisi watoto.

Leo kuni ziko nyuma ya nyumba.

Nchi ile haikuumbwa kuwa tupu. Wazee walitusimulia juu ya misitu ya migunga na miombo, asali kwenye mizinga ya magome, na mbung'o waliomaliza ng'ombe. Mbung'o ndiye aliyekuwa kisa cha kwanza. Tangu miaka ya 1920, utawala wa Kiingereza, chini ya mtaalamu aliyeitwa Swynnerton, uliwahimiza watemi wawatoe watu kwa maelfu kufyeka msitu, ili mdudu yule akose kivuli cha kuishi. Kazi ilifanikiwa. Ng'ombe waliongezeka, pamba ikaingia, na kila ekari iliyofyekwa ikapata plau. Kisha ikaja Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya sabini: familia zilihamishwa kwenye makazi ya pamoja, malisho yaliyokuwa yakilindwa na mwenye boma yakabaki bila wa kuyachunga, na ndani ya misimu michache hayakuwa na tofauti na uwanja wa mpira.

Hayo malisho ndiyo ngitili. Babu alikuwa nayo, nyuma ya zizi, kipande alichokifunga mvua za kwanza zilipoanguka na asimruhusu mnyama yeyote kukanyaga mpaka kiangazi kimeshika, mwezi wa saba au wa nane, ndipo akaingia mwenyewe na fimbo, akapima majani kwa goti lake, akafungua upande mmoja tu: ndama kwanza, kisha ng'ombe mgonjwa, kisha maksai waliokuwa wakingojewa na plau. Hapakuwa na seng'enge wala kibao. Mpaka ulikuwa minyaa na neno la wazee, na aliyevunja neno aliitwa mbele ya dagashida, mkutano wa wote, akatozwa faini ambayo hata wajukuu zake wangeisikia. Sisi watoto tuliingia bila kukatazwa, kuokota furu, kuangua ukwaju, kutafuta uyoga baada ya mvua. Bibi aliingia kuchimba mizizi ya dawa. Na jirani asiyekuwa na ng'ombe hata mmoja alipata humo kuni zilizoanguka zenyewe.

Ilipofika mwaka 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao kila mtu aliuita HASHI, ngitili zilizokuwa zikijulikana mkoani hazikuzidi hekta 600 hivi. Mradi ulianza kama miradi mingine ilivyoanza: bustani kubwa za miche, viriba vyeusi, miti ya kigeni iliyogawiwa kwa malori. Baadhi ilishika, mingi ikaliwa na mbuzi na jua. Kilichobadilisha mambo ni maofisa kukaa chini na wazee na kuuliza walivyokuwa wakifanya zamani. Jibu lilikuwa fupi: funga ardhi, ipumzike. Chini ya mavumbi yale visiki vilikuwa bado hai. Misimu kadhaa bila shoka wala kwato, na migunga ilichipua yenyewe, bila mche hata mmoja kununuliwa. Sungusungu walilinda, dagashida ikatoza faini, vijiji vikaandika sheria ndogo kwa maneno yaleyale ya wazee.

Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miaka miwili baadaye ulipofungwa, ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, na watafiti wakahesabu ndani yake zaidi ya aina 140 za ndege.

Fisi wamerudi pia. Wafugaji hawakufurahi.

Nafurahi kila nionapo migunga imeshikana kando ya barabara ya Maswa, na najua maana yake kwa mama anayerudi na kuni kabla jua halijawa kali, na kwa kijiji kilichouza nguzo na majani kikanunua mabati ya shule. Hata hivyo siyo ngitili ya babu. Sasa kuna ngitili zinazokodishwa kwa msimu, fedha mkononi. Nyingine zina seng'enge. Nyingine zinauzwa. Mwenye ng'ombe wengi amefunga ardhi kubwa, na kijana aliyeoa juzi hana pa kufunga. Mkaa unatakiwa mjini kila siku, na kisiki kilichookolewa kwa miaka ishirini hukatwa kwa asubuhi moja. Watoto hawaingii tena kuokota furu bila kuulizwa wametumwa na nani.

Msitu umerudi, ule ukarimu ulioambatana nao umerudi nusu. Siwalaumu wenye ngitili, maana ardhi imekuwa haba, watu wameongezeka mno, na karo ya mtoto hailipwi kwa ukwaju. Lakini Shinyanga haikuokolewa na miche wala na seng'enge. Iliokolewa na sheria ambayo kila mtu aliiona kuwa yake, kwa sababu ilimwachia kila mtu kitu: tajiri majani, maskini kuni, mgonjwa dawa, mtoto matunda. Sheria ikimlinda mwenye ng'ombe peke yake, asiye na ng'ombe atakuwa wa kwanza kuleta shoka, na hapo hakuna mgambo atakayetosha. Vijiji vinavyopanga matumizi ya ardhi leo viandike hilo mapema, wakati wazee wanaokumbuka bado wako kwenye mkutano: haki ya kuokota kuni, kuchimba dawa na kuingia na kikapu, ndani ya kila ngitili, iwe ya kijiji au ya mtu. Ndiyo gharama ndogo kuliko zote tutakazolipa ili tusirudi kupikia samadi.