Kiungo cha Tela

Msomaji, kama umepata kusimama kando ya barabara kuu ipitayo Nakuru, bila shaka umeyaona malori yavutayo matela yakipanda kwenda Mau Summit au yakielekea Gilgil na Naivasha. Jicho la mtazamaji huvutwa na injini inayonguruma na mzigo uliofungwa turubai. Ni nadra likae juu ya kile kipande cha chuma kilicho baina ya mvutaji na mvutwaji. Mimi nami sikukitazama kwa miaka mingi. Nilikitazama siku kiliponitia aibu, na nusura kinitie hatia ya damu. Nataka kukusimulia habari yake, kwa kuwa ninyi vijana mko karibu kuingia katika umri wa kushika usukani, na elimu iliyonunuliwa kwa hofu ya mtu mwingine ni rahisi kuliko ile itakayonunuliwa kwa hofu yenu.

Mimi ni mwalimu, lakini mshahara wangu una ndugu yake mdogo, nalo ni shamba la viazi huko Mau Narok. Kila msimu wa mavuno nilikodi gari la kupeleka viazi vyangu sokoni Nakuru, na kila msimu kodi ile ilikula sehemu nono ya faida. Nilikuwa na motokaa yangu mwenyewe, moja ya zile ndogo zilizoinuka juu kidogo kutoka ardhini, ambazo watu wetu huzipenda kwa ajili ya njia za matope. Kama motokaa nyingi za nchi yetu, ilikuwa imekwisha tumika Japani kabla ya kuvuka bahari. Ilikuja na kijitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kijapani, nami nilikitupa katika kisanduku cha mbele kama kitu kisicho na faida. Haikuja na kiungo cha kuvutia tela.

Nikanunua tela kuukuu la magurudumu mawili, kisha nikatafuta fundi wa kunifungia kiungo. Niliyempata alikuwa hodari wa maneno na mwepesi wa mikono. Aliniuliza, "Mwalimu, waitaka lini?" Nikamjibu, "Kesho." Nami nikamwuliza bei, akaitaja, nikafurahi. Angalia, msomaji, jinsi mazungumzo yetu yalivyokwisha. Yeye aliuliza siku, mimi niliuliza bei. Hapana katika sisi wawili aliyeuliza uzito. Akatoboa matundu manne kwa keekee katika sakafu ya nyuma ya motokaa, akapitisha bolti nne, akakaza nati, na jioni ile nikaenda nyumbani na tufe la chuma liking'aa nyuma ya gari langu kama nishani.

Safari ya kwanza nilipakia magunia 14, kila moja la kilo 50. Yaliyopakiwa mwanzo yaliwekwa nyuma, kwa sababu sehemu ya mbele ya tela nilitaka iachwe kwa kuni na kabeji za nyumbani. Tukaanza kuteremka kuelekea Njoro. Barabara ile hushuka kwa muda mrefu, na mteremko mrefu una hila yake: haumtishi dereva, humbembeleza. Mwendo uliongezeka kidogo kidogo. Mara nikahisi mkia wa motokaa ukisukumwa kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena kwa nguvu zaidi. Nilikanyaga breki. Tela halikuwa na breki yake. Liliendelea na safari yake kana kwamba halikunijua. Nikasikia mlio wa bati likichanika, na gari langu likawa jepesi ghafula.

Katika kioo nililiona tela likienda peke yake. Upande wa kushoto wa barabara palikuwa na kijana aliyesimama na mkokoteni wa punda uliojaa mitungi ya maji. Tela lilipita mbele yake kwa hatua chache, likajigonga katika ukingo wa udongo, likapinduka. Viazi vilimwagika mpaka miguuni pa punda. Niliposhuka magoti yangu hayakunitii. Kijana yule alikwisha kumtuliza mnyama wake kwa kumpapasa shingo. Alinitazama, akatazama magunia, akasema kwa upole ambao ulinichoma kuliko matusi:

"Mwalimu, umepakia nyuma. Punda angekataa."

Maneno hayo manne au matano yalikuwa na elimu kuliko niliyoipata kwa fundi wangu. Mwenye mkokoteni wa punda ajua kwamba mzigo ukisogezwa mbele mno, miti ya mkokoteni humlemea mnyama. Ukirudishwa nyuma mno, miti huinuka na kumnyanyua, naye hawezi kukanyaga ardhi kwa nguvu. Basi huupanga mzigo juu ya ekseli, ukiegemea mbele kidogo tu. Kanuni ya tela la motokaa ni hiyo hiyo. Uzito unaokalia kiungo wapasa kuwa baina ya sehemu moja ya ishirini na sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela. Ukipungua sana, au ukageuka kuwa nguvu ya kuinua, tela huanza kuyumba kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo lisivyotulizika. Punda hukataa, kwa kuwa ana mwili unaoumia. Motokaa haikatai, hupokea kila kosa kwa ukimya, kisha hulilipa lote siku moja.

Nchi hii ya Bonde la Ufa ina uzoefu mrefu wa kuvuta. Mwaka 1908 kundi la Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini lilishuka katika treni hapa Nakuru, likapanda kwenda nyanda za Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Kabla yao reli ilikwisha kupita hapa, ikafika Kisumu Desemba 1901. Wote hao, wenye ng'ombe na wenye mvuke, walikabiliwa na swali moja: kitu kinachovutwa kitazuiwaje wakati wa kushuka? Katika nchi ya Marekani mtu aitwaye George Westinghouse alitoa breki ya upepo kwa ajili ya treni mwaka 1869, na baada ya miaka michache akaitengeneza upya kwa namna ya ajabu. Upepo uliobanwa katika bomba refu la treni ndio unaoziachilia breki zikae mbali na magurudumu. Behewa likikatika, bomba hupasuka, upepo hutoka, na breki hujikamata zenyewe. Mtu yule alitazamia siku ya kukatika kwa kiungo, akaipangia dawa kabla haijafika. Mimi sikuwa nimeitazamia hata kwa mnyororo.

Wala si jambo la kuchezea katika miteremko yetu. Majina ya Salgaa na Sachangwan yajulikana kwa msiba kuliko kwa uzuri wa vilima vyake. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori moja liliwaingilia watu na magari kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Niliposoma habari zake nilimkumbuka kijana wa punda na zile hatua chache zilizokuwa baina yake na tela langu.

Nilikaa miezi kadhaa bila kuvuta kitu. Kisha nikamwendea fundi mwingine, mzee wa makamo, ambaye karakana yake haina kibao. Nilipomweleza haja yangu hakutaja siku wala bei. Aliuliza, "Utavuta kilo ngapi, Mwalimu, na utashuka wapi?" Nilitamani kumkumbatia. Akaniagiza nitafute mtu wa kunisomea kijitabu kile cha Kijapani. Nilimpata, na katika ukurasa mmoja tulikuta hesabu ambayo ingeniokoa: tela lisilo na breki yake lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo. Tela langu tupu lina kilo 250. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Magunia 14 ni kilo 700. Ukiongeza tela ni kilo 950. Nilikuwa nimezidisha kilo 200, na kuni na kabeji juu yake.

Mzee yule aliiinua motokaa, akalala chini yake, akaniita nilale karibu naye nione. "Lori," akasema, "lina chesisi, yaani mifupa minene iliyo mbali na mwili. Motokaa hii haina mifupa ya peke yake; bati lake lilivyokunjwa na kuunganishwa ndiyo mifupa." Kwa hiyo bolti zilizofungwa katika bati jembamba la sakafu ni kama kitambaa kilichoshonwa ukingoni: kikivutwa, uzi haukatiki, bali kitambaa huchanika. Ndivyo ilivyonipata. Akanionyesha mihimili miwili ya bati lililokunjwa, mmoja kila upande, na ndani yake matundu yaliyotobolewa kiwandani na kuzibwa kwa mpira. Kiungo kilichotengenezwa kwa ajili ya aina hiyo ya motokaa huingia katika mihimili hiyo, na nguvu ya kuvuta hugawanyika katika mwili wote wa gari. Nilipomwuliza kwa nini asikichomelee tu kwa moto, alisema kwamba moto huondoa ugumu wa chuma cha namna ile na huunguza rangi iliyokikinga, kisha kutu huingia mahali pasipoonekana.

Alinipa bolti nizitazame vichwani. Kwa mara ya kwanza nilisoma kilichoandikwa pale: 8.8. Tarakimu hizo si pambo. Hutaja nguvu ya chuma, na bolti isiyo na alama yoyote haijulikani nguvu yake. Alizikaza kwa spana yenye kipimo, akisema kwamba bolti iliyolegea hucheza na iliyokazwa kupita kiasi huanza kukatika kabla ya safari. Akaunganisha nyaya ili taa za tela ziwake pamoja na zangu, za breki na za kugeukia kulia na kushoto, kwa kuwa anayekufuata huona mgongo wa tela, hakuoni wewe. Akapima tufe na kikombe cha tela kinacholifunika, akahakikisha ni vya kipimo kimoja, milimita 50. Mwisho alifunga minyororo miwili, akaipitisha kwa kupishana chini ya kiungo, ili kiungo kikiachia, mdomo wa tela uangukie juu ya minyororo usijikite barabarani. Kazi ilichukua siku nzima, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile iliyonifurahisha. Sikupunguziwa, wala sikuomba.

Mavuno yaliyofuata nilipakia magunia 10. Niliyapanga kwa mafundisho ya punda, na nikaupima mdomo wa tela kwa mizani ya viazi: ulikuwa karibu na kilo 50, yaani gunia moja. Magunia manne yaliyobaki yalingoja safari ya pili. Pale mteremko unapoanza nilitia gia ndogo mapema, injini ikawa inalizuia gari, na breki zikapumzika. Nilikwenda taratibu, kwa kuwa mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya kuzuiwa huongezeka mara nne. Magari mengine yalinipita yakipiga honi. Mahali pale penye ukingo wa udongo nilipunguza mwendo zaidi, ingawa siku hiyo hapakuwa na mtu.

Sitaki kumlaumu fundi wa kwanza peke yake. Alinipa nilichokiomba: kitu cha haraka na rahisi. Kosa lilianza katika swali langu. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nami niliona malori yakivuta nikadhani yanavuta tu.

Basi, msomaji, siku moja nawe utafunga kitu kizito nyuma ya kitu chako. Huenda likawa tela, huenda ikawa ahadi, deni, au watu wanaokutegemea. Usijiulize kama waweza kukivuta, kwa maana injini yoyote yenye kelele huweza kuvuta kwenye tambarare. Jiulize kama waweza kukisimamisha mteremkoni, na ni nani aliyesimama kando ya njia endapo kiungo kitaachia. Kijana yule wa punda bado huchota maji. Mara kwa mara hukutana naye, nami husimama kumwamkia. Yeye hutazama tela kabla ya kuniitikia, na akiisha kuridhika na jinsi mzigo ulivyopangwa, ndipo anyooshapo mkono.