Macho ya Kikapu

Mhariri alinitupia kazi: andika kuhusu fuwele za kagome. Nikacheka. Fizikia mimi niliiacha shuleni.

Kumbe kagome ni Kijapani, macho ya kikapu: ususi wa mianzi wenye pembetatu zinazozunguka matundu ya pembe sita. Mwaka 1951, mwanafizikia Itiro Syôzi alichapisha hesabu za atomu zilizopangwa hivyo.

Chukua pembetatu moja. Kila kona ina atomu, sumaku ndogo inayotaka kuelekea kinyume na jirani zake. Ya kwanza inatazama juu, ya pili chini. Ya tatu je? Ikitazama juu inaikosea ya kwanza. Ikitazama chini inaikosea ya pili.

Hapo kalamu ikasimama. Wazazi wangu waliachana nikiwa na miaka tisa. Sikukuu nikienda kwa huyu, yule ananuna. Miaka yote niliamini kasoro ni yangu, kwamba mtoto mwenye akili angepata njia.

Kwenye herbertsmithite, madini ambayo shaba yake imejipanga kikagome, sumaku hizo hazijipangi hata kwenye baridi kali kupindukia. Elektroni nazo zinaweza kunaswa: mawimbi yake hufutana kila yanapotaka kutoka nje ya tundu, zikabaki palepale. Hakuna atomu mbovu humo. Ni ususi tu.

Idi iliyofuata nilikwenda kwa mama. Baba akanuna. Jioni nikampigia, tukaongea, na kwa mara ya kwanza sikuomba msamaha.