Jicho la Willie, sikio langu

Haya wadau, nimepotea wiki mbili, najua. Si boom lililonipoteza (halijatoka hata), ni majaribio matatu ndani ya siku tano. Leo sina umbea wa kafteria. Nina habari ya mzee mmoja aliyekuwa anacheza magongo juu ya barafu.

Juzi usiku rumeti wangu aliweka filamu kwenye laptopu, inaitwa Willie, ya mwaka 2019. Mimi najifanya nasoma. Kwangu barafu ni ile ya ubuyu ya kwenye kifuko, na mchezo wenyewe niliuona ugomvi wa watu waliovaa magodoro. Halafu nikasikia wanaongelea jicho lake. Nikafunga daftari.

Jamaa ni Willie O'Ree, mweusi wa Kanada, kazaliwa Fredericton mwaka 1935. Tarehe 18 Januari 1958 aliingia uwanjani Montreal na jezi ya Boston Bruins, akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, ligi kubwa kabisa ya mchezo huo. Boston walishinda 3-0. Hiyo ndiyo inayosimuliwa kila mahali. Iliyonigusa mimi ni nyingine.

Msimu wa 1955-56, akiwa bado timu za vijana, kile kisahani kigumu wanachokipiga badala ya mpira kilimpata usoni. Jicho la kulia likapoteza asilimia 95 ya uwezo wa kuona. Daktari akamwambia kucheza basi tena. Yeye akarudi uwanjani na kufunga mdomo, maana NHL haikuruhusu mchezaji mwenye jicho moja. Siri waliijua watu wachache sana wa karibu. Yaani usiku ule wa Montreal, uwanja mzima unamtazama mtu ambaye upande mmoja haoni!

Na alikuwa winga wa kushoto. Hebu fikiria: ukiwa kushoto, mchezo wote uko kuliani kwako. Pasi zinatokea kulia, wa kukugonga naye anatokea kulia. Ilimbidi azungushe shingo mpaka juu ya bega la kulia ili jicho la kushoto lione. Huku watu wanamtukana rangi yake. Kuna mechi Chicago mpinzani alimpiga mdomoni na kitako cha gongo, meno mawili yakang'oka. NHL alicheza mechi 45 tu, mbili mwaka 1958 na 43 msimu wa 1960-61, magoli manne. Akapelekwa Montreal, nao hawakumchezesha katika ligi hiyo. Ukisoma namba hizo peke yake unasema, mchezaji wa kawaida.

Sasa mniwie radhi, wengi wenu hili hamlijui. Sikio langu la kushoto halisikii, tangu nilipougua nikiwa darasa la nne. Ndiyo maana kwenye lekcha nakaa kushoto kabisa, ukutani, ili ukumbi wote uwe upande wa sikio zima. Mliosema naringa kwa sababu sikuitikia salamu, ndiyo hivyo, sikuwasikia.

Fildi ya mwaka jana nilifundisha Historia kidato cha pili. Naandika ubaoni, binti mmoja wa upande wa dirishani, kushoto kwangu, akauliza swali mara tatu. Darasa likaangua kicheko. Nikadhani wananicheka mimi, nikafoka. Yule binti hakunyoosha mkono tena mpaka naondoka pale. Msimamizi wangu alikuwa amekaa nyuma, akaandika kwenye fomu kwamba sisikilizi wanafunzi. Ningeweza kumweleza palepale. Nikasema, "Asante mwalimu, nitajirekebisha." Niliogopa kuandikwa kwenye faili kitu kisichofutika.

Willie yeye alienda Los Angeles, timu ya Blades, ligi ya huko magharibi. Msimu wa 1964-65 kocha akamhamishia winga ya kulia. Ghafla mchezo wote uko kushoto kwake, upande wa jicho zima. Akafunga magoli 38, akaongoza ligi nzima kwa ufungaji. Mtu yuleyule, jicho lilelile! Baadaye akacheza sana San Diego, akaja kustaafu mwaka 1979 akiwa na miaka 43. Mwaka 2018 akaingizwa kwenye jumba la magwiji wa mchezo huo, na tarehe 18 Januari 2022 Bruins wakaistaafisha jezi yake namba 22.

Rumeti anasema, unaona, alinyamaza na akafika. Mimi naona ile misimu yote ya kuzungusha shingo. Yeye angesema wangemtoa mchezoni, ana haki yake. Mimi nani ananitoa? Muhula uliopita niliandika kazi ya elimu jumuishi, kurasa kumi na mbili, nikapata B+. Nilijieleza vizuri sana kuhusu watoto wa watu wengine.

Fildi inaanza Julai. Barua ya kwenda kwa mratibu ina mistari sita, iko kwenye begi tangu jana asubuhi. Nimepita nje ya ofisi yake mara mbili, mara ya pili nikajifanya nasoma matangazo. Wanafunga saa tisa na nusu, saa hizi ni saa nane na robo. Rumeti kasema atanisindikiza. Nimemwambia sawa, ila atembee kuliani kwangu.