Babu ya Nani?

Mwanafunzi mmoja wa sanaa alituletea kitabu cha maonyesho ya Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, yaliyofanyika Tervuren, Ubelgiji, mwaka 2011. Msanii huyo amewaweka watu waliopigwa picha na François Michel ndani ya mandhari iliyochorwa na Léon Dardenne kwa rangi za maji. Wazungu hao wawili walifuatana na msafara wa Charles Lemaire huku Katanga, 1898 hadi 1900.

Sisi tulisifu milima. Kijana akaweka kidole juu ya mtu asiye na rangi: «Mwalimu, huyu ni babu ya nani?»

Nasi, tuliozeeka tukiwafundisha watoto kuuliza, tukamwambia atazame jinsi rangi zilivyokolea. Alifunga kitabu, akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Hajatuletea kingine.