Dar mpaka Iringa na mkoko unaovuja: kila tone lina maneno yake

Iringa si mbali. Ni kama kilometa 500 kutoka Dar: asubuhi unakunywa chai Ubungo, jioni unatafuta sweta Miyomboni. Treni ya umeme iliyoanza 2024 ni tamu, lakini inakwenda Morogoro na Dodoma, Iringa haigusi. Kwa hiyo ni basi, au gari lako mwenyewe. Na hapo kwenye gari lako mwenyewe ndipo penye kasheshe, hasa kama ni fowili ya dizeli yenye turbo, ya miaka ya tisini, ile ambayo kila ukiipaki inaacha saini yake chini.

Mshikaji wangu mmoja anayo ya namna hiyo. Aliachiwa na marehemu baba yake. Desemba iliyopita ukoo ulikuwa unakutana Iringa, na ajenda mojawapo ilikuwa hilo gari: wajomba walishasema liuzwe skrepa, linakula oili kuliko dizeli. Fundi mmoja hapa mjini naye alikuwa ametoa hukumu bila hata kufungua boneti vizuri: "Turbo imekufa, leta hela ya nyingine." Hela yenyewe ukiisikia unaomba maji ya kunywa.

Bahati nzuri tulimpa lifti mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori ya Zambia, aliyekuwa anakwenda Ilula. Tulipomweleza akacheka. "Wanangu, oili haisemi uongo. Tutaisoma njiani."

DAR: OSHA KWANZA

Usiku wa kuamkia safari alituamuru tuoshe injini. Tukafunika altaneta kwa nailoni, tukasugua kwa brashi na mafuta ya taa, tukaiacha ikauke kabisa. Injini yenye uchafu wa miaka kumi haikuambii kitu, kila mahali pameloa. Kisha tukatandika boksi la maziwa lililokunjuliwa chini ya gari, tukaweka alama upande wa mbele, tukaenda kulala.

Asubuhi boksi lilikuwa na habari mbili. Upande wa kushoto mbele, tone jekundu: hiyo ni ya pawa stelingi, kaza kibano cha hosi, yaishe. Katikati, pale injini inapokutana na geaboksi, matone meusi matatu: hiyo ni oili ya injini, maana dizeli huifanya oili kuwa nyeusi mapema. Ingekuwa nzito yenye harufu kali ya kibiriti ni ya gea au difu. Ingekuwa nyepesi, karibu na gurudumu, ni ya breki, na hapo hakuna safari mpaka itengenezwe.

Kuona tone pale katikati, fundi mwingine angesema sili ya nyuma ya krenki, teremsha geaboksi. Kwenye Land Rover za Tdi waliacha kabisa tundu chini ya nyumba ya flaiwili ili oili ya namna hiyo itoke isiloweshe klachi, na kuna kizibo cha kuweka ukitaka kuvuka maji. Lakini Mzee alisema tone ni mwisho wa hadithi, si mwanzo wake.

CHALINZE: OILI HAIPANDI MLIMA

Kilometa mia na ushee baadaye tukasimama Chalinze. Wenzetu wanagombania mishikaki, sisi tumeinamia boneti na tochi.

Kanuni ni moja: oili hushuka chini, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Kwa hiyo usihangaike na palipoloa sana. Tafuta palipo juu kabisa na mbele kabisa penye unyevu mpya. Tukatazama: sampu imeloa, ubavu wa bloku umeloa, lakini ukifuata njia kwenda juu unafika kwenye ukingo wa tapeti kava. Na kwenye turbo, pale bomba jembamba linapoingilia, kulikuwa na kijasho kidogo.

Tukafuta, tukapuliza podari ya mtoto, ile ya dukani, sehemu zote mbili. Podari ikibaki nyeupe, pako salama. Ikichora mfereji mweusi, umempata mwizi wako.

MOROGORO: MFUNIKO UNAORUKA

Tulipofika Morogoro, chini ya Uluguru, tapeti kava ilikuwa imechora mifereji pande zote. Si mahali pamoja, pande zote! Mzee akatikisa kichwa. Akataka gari liwe sailensa, akafungua mfuniko wa kujazia oili, akaugeuza na kuulaza tu juu ya tundu. Ukaruka kama mfuniko wa sufuria ya maharage.

Hapo ndipo siri ilipotoka. Kila injini huvujisha gesi kidogo kupita kwenye ringi za pistoni kuingia chini kwenye krenki. Gesi hiyo lazima ipumue, na ina hosi yake ya kupumulia inayoirudisha kwenye njia ya hewa. Dizeli ya turbo ya umri huo mfuniko ukichezacheza kidogo ni kawaida. Ukirushwa, kuna mawili: ama ringi zimekwisha na gesi ni nyingi mno, ama njia ya kupumulia imeziba. La kwanza ni ovaholi. La pili ni tambara na nusu saa.

Tukazima, tukangoja ipoe, tukachomoa hosi ya kupumulia. Ndani ilikuwa na utandu mzito kama lami. Tukaisafisha, na kichujio chake pia, tukakausha vizuri. Tukawasha tena: mfuniko ukacheza taratibu, ukatulia juu ya tundu. Mshikaji akanywa soda mbili mfululizo.

Fikiria sasa: ukibadilisha sili na gasketi zote huku pumzi imeziba, presha itatafuta sili inayofuata kwa udhaifu, na wewe utarudi gereji mwezi ujao na noti nyingine.

MIKUMI: HAPA HAKUNA KUINGIA UVUNGUNI

Baada ya hapo unaingia Hifadhi ya Mikumi, ya tangu 1964. Barabara inapita ndani yake kama kilometa 50. Twiga wanakutazama, tembo wanavuka watakapo, na matuta yanakukumbusha kupunguza mwendo. Simba si watu wa kuingia nao uvunguni, kwa hiyo Mzee alitumia muda huo kutufundisha turbo.

Turbo hulishwa oili kwa bomba jembamba lenye presha, na kuirudisha kwenye sampu kwa bomba nene, kwa kushuka yenyewe tu. Presha ikijaa chini kwenye krenki, au bomba nene likiziba, oili haishuki. Inabanwa, inapenya kwenye sili za turbo, inaingia kwenye mabomba ya hewa, moshi wa bluu unatoka. Ndicho alichokiona yule fundi wa Dar, akaihukumu turbo kwa kosa la jirani yake.

Tena hili si la kufanyia mzaha. Dizeli haihitaji plagi kuwaka. Oili ikiingia nyingi kwenye njia ya hewa, injini inaweza kuila kama dizeli, ikapiga kelele na kupanda mizunguko yenyewe, na ukizima ufunguo haisikii. Kwa gari la gea za mkono: kanyaga breki kwa nguvu, weka gea kubwa, achia klachi ife. Usitie mkono kwenye mdomo wa hewa.

Bomba la TAZAMA la kwenda Ndola, Zambia, lina kilometa 1,710 na lipo tangu 1968. Mzee akatutania: "Watu wanachunga bomba lote hilo, nyinyi bomba la urefu wa mkono linawashinda."

RUAHA MBUYUNI: VITUNGUU NA VAISHA

Ukifika Ruaha Mbuyuni, joto ni la tanuri, mibuyu imesimama kama wazee wa baraza, na vitunguu vinakufuata dirishani. Simama hata kama huna njaa, maana mbele yako kuna Kitonga.

Tapeti kava sasa ilikuwa na podari nyeupe, isipokuwa kona moja. Bomba jembamba la turbo lilikuwa limechora mfereji mmoja mwembamba. Injini ilipopoa, Mzee akabadilisha vaisha mbili za shaba kwenye boliti yake. Akachomoa na hosi ya hewa: ndani kuna utando wa oili tu, hakuna dimbwi. Akaishika shafti ya turbo kwa vidole: ina mchezo mdogo sana, panga haligusi nyumba yake. "Hii turbo itakuzika wewe," akamwambia mshikaji.

Mwisho akaikagua pampu ya vakyumu. Dizeli hizi hazipati uvutaji wa kusaidia breki kwenye manifodi kama petroli, zinategemea hiyo pampu. Gasketi yake ikivuja ni oili tu. Pampu yenyewe ikifa, kanyagio la breki linakuwa gumu kama jiwe. Sasa jifikirie unashuka Kitonga na malori ya shaba mbele na nyuma. Yetu ilikuwa kavu.

KITONGA NA KULE JUU

Kitonga tuliipanda kwa gea ndogo, jicho moja kwenye geji ya joto, ukuta upande huu, bonde upande ule. Juu tukaegesha na kuiacha injini iungurume dakika mbili kabla ya kuzima. Turbo iliyotoka kupanda ni moto sana. Ukizima ghafla, oili iliyobaki ndani inaungua na kuziba njia.

Ilula tukamwacha Mzee kwenye matenga ya nyanya. Alikataa hela, akachukua vitunguu.

Iringa kuna baridi tamu, na kuna jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake la Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Usiku ule tulitandika boksi tena. Asubuhi wajomba walikuta tone moja, dogo. Kikao kikapita, gari likabaki nyumbani.

Tone moja kwa gari la umri huo si ugonjwa. Ogopa stiki ya oili inaposhuka kila wiki, taa ya presha inapowaka, na oili inapogusa mkanda wa taimingi, breki au ekzosti yenye moto. Mengine nunua podari, okota boksi, na fundi akikuambia turbo imekufa, muulize kwanza kama amejaribu mfuniko.