Mistatili, trapeza na lita 1,400 za maji

Leo nataka kuandika juu ya hesabu. Wale waliozikimbia tangu kidato cha nne wasiogope, nitakwenda polepole. Mada yenyewe ni namna ya kukadiria intigrali kwa namba, yaani kutafuta eneo lililo chini ya mstari wa grafu, kutoka pointi moja hadi nyingine, pale ambapo fomula imekataa au haipo kabisa. Nilisoma somo hili chuoni nikichukua shahada ya sayansi ya kompyuta, na darasani wengi wetu tuliliona ni la kupita mtihani tu. Baadaye nimeliona likiamua kama mtu atapata mshahara wake wote au atakatwa.

Tuanze na swali ambalo kila mwanafunzi huuliza: kwa nini tukadirie wakati kalkulasi ina kanuni zake? Jibu la kwanza ni kwamba kuna intigrali ambazo kanuni hizo haziziwezi. Chukua e^(−x²), ule mstari wenye umbo la kengele unaotumika sana katika takwimu. Unaonekana mpole, lakini hakuna fomula ya kawaida inayotoa eneo lake. Tatizo si uvivu wa wanahisabati. Kwa kutumia nadharia iliyoanzishwa na Mfaransa Joseph Liouville katika karne ya 19, imethibitishwa kwamba fomula hiyo haiwezi kupatikana hata tukitafuta milele. Lakini eneo lenyewe lipo, na namba yake inahitajika.

Jibu la pili ndilo linalotuhusu zaidi sisi watu wa programu. Mara nyingi hatupewi fomula yoyote. Tunapewa vipimo: saa hii kipimo kilikuwa hiki, saa ile kilikuwa kile. Katikati hatujui kilichotokea. Hata hivyo mwenye kazi anataka jumla.

Jambo hili ni la kale kuliko tunavyodhani. Mwaka 2016 mtafiti Mathieu Ossendrijver alichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa vibao vya udongo vya Babeli, vya kati ya mwaka 350 na 50 kabla ya Kristo. Waliovichora walikuwa wakifuatilia sayari ya Jupita. Walichukua kasi yake ya siku ya kwanza na ya siku ya mwisho wa kipindi, wakahesabu eneo la trapeza, wakapata umbali iliosafiri angani. Kasi mara muda ni umbali. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

Haya, sasa mbinu zenyewe. Ziko nyingi, nami nitagusa tatu.

Ya kwanza ni ya mistatili. Unaligawa eneo katika vipande vyenye upana sawa, tuuite h. Katika kila kipande unachukua kimo cha mwanzo wake na kujifanya kwamba hakibadiliki hadi kipande kiishe. Unajumlisha mistatili. Basi.

Ya pili ni ya trapeza. Badala ya kujifanya kimo hakibadiliki, unaunganisha kimo cha mwanzo na cha mwisho kwa mstari ulionyooka. Kila kipande kinakuwa trapeza, na eneo lake ni wastani wa vimo viwili mara upana.

Ya tatu inaitwa kanuni ya Simpson, kwa jina la Mwingereza Thomas Simpson (1710–1761), ingawa Johannes Kepler alikwisha kuitumia kabla Simpson hajazaliwa. Kepler alikerwa na namna wauza mvinyo walivyopima mapipa kwa kutumbukiza ufito tu, na mwaka 1615 akatoa kitabu kizima kuhusu ujazo wa mapipa. Hapa unachukua pointi tatu kwa pamoja na kupitisha parabola juu yake, kwa sababu mambo mengi ya dunia hupinda. Vimo vya pembeni kabisa vinahesabiwa mara 1, vya katikati vinabadilishana mara 4 na mara 2, kisha jumla yote inazidishwa kwa h na kugawanywa kwa 3.

Tuzijaribu kwenye ile e^(−x²) kutoka 0 hadi 1. Jibu la kweli ni 0.7468 na ushee. Kwa vipande vinne tu, mistatili inatoa 0.8220. Trapeza zinatoa 0.7430. Simpson inatoa 0.7469. Vipimo ni vile vile vitano, namba ni zile zile, kilichobadilika ni namna ya kuzijumlisha!

Na kuna jambo jingine ambalo mhadhiri wetu alilirudia hadi tukachoka. Ukiongeza vipande mara mbili, kosa la mistatili linapungua kwa takriban nusu, la trapeza linabaki robo, na la Simpson linabaki sehemu moja ya 16. Wakati ule niliyaandika daftarini kama mtu anayenakili tarehe za historia. Maana yake niliielewa kijijini Ukambani, kwenye mradi wa maji.

Mradi wenyewe una kisima kirefu, pampu ya sola, tangi na kioski ambapo watu huja na mitungi yao ya lita 20. Mtungi mmoja ni shilingi 5. Kuna wahudumu wawili: wa asubuhi anaanza saa moja hadi saa sita mchana, wa mchana anapokea hapo hadi saa kumi na moja jioni. Kwenye bomba kuna kifaa ambacho kila saa hutuma kasi ya maji, lita ngapi kwa dakika. Programu fulani iliyoandikwa na mtu mwingine ilikuwa inazipokea namba hizo, inakokotoa lita zilizoingia katika kila zamu, inatoa maji yaliyobaki tangini wakati wa kukabidhiana, kisha inalinganisha na pesa. Mimi niliitwa kuihamishia kwenye seva mpya tu.

Nilipofika nikakuta kesi. Mhudumu wa mchana, mama mwenye watoto watatu, alikuwa anakatwa mshahara mwezi wa pili mfululizo. Kila siku kompyuta ilionyesha kwamba maji ya zamu yake hayalingani na pesa alizokabidhi. Yule wa asubuhi, kinyume chake, kila siku alikuwa na ziada na kamati ilikuwa inamsifu. Nilipouliza kama wameikagua programu, mweka hazina alinijibu kwa upole, “Kijana wangu, jumla ya siku nzima tumeilinganisha na pesa, inakaribia sana. Kompyuta haidanganyi.”

Jumla ya siku ilikuwa inakaribia kweli. Hapo ndipo utamu na uchungu wa hadithi hii ulipo.

Pampu ya sola hufuata jua. Asubuhi inaanza taratibu, adhuhuri inafika kileleni, jioni inashuka. Nimezilainisha namba kidogo ili hesabu ionekane wazi, lakini umbo ndilo hilo. Kasi kwa lita kwa dakika, kuanzia saa moja asubuhi: 0, 18, 32, 42, 48, na saa sita 50. Kisha 48, 42, 32, 18, na saa kumi na moja 0. Pande mbili zinafanana kabisa, kwa hiyo kila zamu inapata maji sawa. Ukifanya intigrali kamili ya mstari huu, kila zamu ni lita 10,000, na siku nzima ni 20,000.

Programu ilifanya nini? Ilichukua kila kipimo, ikakizidisha kwa dakika 60, ikajumlisha. Mistatili! Zamu ya asubuhi: 0 + 18 + 32 + 42 + 48 ni 140, mara 60 ni lita 8,400. Zamu ya mchana: 50 + 48 + 42 + 32 + 18 ni 190, mara 60 ni lita 11,400. Jumla ya siku ni 19,800, ambayo ni pungufu kwa asilimia 1 tu. Ndiyo maana hakuna aliyeishuku.

Lakini tazama zamu. Kasi inapopanda, kimo cha mwanzo wa saa ni kidogo kuliko kilichofuata, kwa hiyo mistatili inapunguza. Kasi inaposhuka, kimo cha mwanzo ni kikubwa kuliko kilichofuata, kwa hiyo mistatili inazidisha. Mhudumu wa mchana alihesabiwa lita 1,400 ambazo hazikuwahi kutoka ardhini. Hiyo ni mitungi 70, shilingi 350 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 9,100. Wa asubuhi naye alipunguziwa lita 1,600, ndiyo ikawa “ziada” yake. Makosa mawili yalikuwa yanafutana kwenye jumla na kuumiza mtu kwenye sehemu.

Nikabadilisha kwa trapeza. Kila zamu ikawa lita 9,900. Tofauti kati ya wahudumu ikatoweka pale pale. Bado lita 100 hazionekani, na hizi zina maelezo yake: mstari wa pampu umepinda kama mgongo wa kobe, na trapeza hukata chini ya mgongo huo. Fomula ya daftarini inasema kosa la trapeza halizidi urefu wa zamu mara h mara h, ugawanye kwa 12, mara kiwango cha juu cha kupinda. Zamu ni saa 5, h ni saa 1, kupinda kwa mstari huu ni 4: 5 mara 4 ugawanye kwa 12, mara dakika 60, ni lita 100 kamili. Nilipoona namba ile nilicheka peke yangu mbele ya tarakilishi.

Simpson je? Inataka vipande vya idadi shufwa, na zamu ina vitano. Nikatumia Simpson ya kawaida kwenye viwili vya kwanza, na ile dada yake ya 3/8 kwenye vitatu vinavyobaki. Asubuhi: lita 2,080 na 7,920. Jumla 10,000. Mchana hivyo hivyo, ukianzia mwisho.

Msikimbilie Simpson kila mahali, lakini. Siku ya mawingu kasi ya pampu inaruka juu na chini, na parabola laini haina habari na wingu lililopita katikati ya saa. Hapo mbinu ya ujanja haisaidii, kinachosaidia ni vipimo vya mara kwa mara. Kwa hiyo nilichoiachia kamati ni trapeza, vipimo kila dakika 5, na ushauri kwamba wakipata fedha wanunue mita inayojumlisha lita yenyewe. Na karibu na kila jumla programu sasa inaandika kadirio la kosa: inahesabu kwa vipimo vyote, inahesabu tena kwa kuruka kimoja kimoja, na tofauti ya majibu hayo mawili inaonyesha jumla inaweza kuyumba kwa kiasi gani. Tofauti ya mhudumu ikiwa ndani ya kiasi hicho, hakuna wa kuulizwa.

Kuieleza kamati ilikuwa kazi kuliko kuandika programu. Sikutaja Simpson wala Kepler. Nilichora mlima kwenye karatasi ya manila, nikapanga visanduku upande wa kupanda, vikabaki chini ya mlima. Nikavipanga upande wa kushuka, vikatokeza nje. Mwenyekiti akakitazama kile kipande kilichotokeza, akasema, “Kumbe hiki ndicho tulichokuwa tunamdai mama.” Makato yakasimamishwa, na zile za nyuma zikaanza kurudishwa kidogo kidogo. Maneno yaliyokwisha kusemwa kisimani, hayo hayana fomula ya kuyarudisha.

Kwa vijana mnaosoma somo hili sasa hivi na mnajiuliza litawafaa wapi, nawaambia hivi. Kujumlisha ni rahisi, kitanzi cha mistari mitatu kinatosha. Sehemu ngumu ya somo, ile ya makosa na mipaka yake, ndiyo sehemu yenyewe. Kabla ya kuitoa namba yako kwa watu, iulize mambo matatu: imepotoka kwa kiasi gani, imepotoka upande gani, na upotofu huo unamwangukia nani. Swali la tatu halikuwa kwenye mtihani wetu.

Haya, kwa leo naishia hapo. Kesho kazini, na wewe mwenye jedwali la vipimo mezani, chora kwanza umbo lake kabla ya kuzidisha kwa 60. Kila la heri.